Kabureta Kwanza

Mume wake alikuwa mtu wa kukubali. Ukimwambia leo jua kali, atafuta uso na kukubali. Akija mwingine nyuma yako akasema mbona kuna kibaridi, atajikunja mabega na kukubali vilevile. Wala hakuwa mnafiki. Moyo wake ndivyo ulivyokuwa, kama chumba kisicho na kitasa. Mwanamke alilitambua hilo wiki ileile ya ndoa, walipotoka pamoja kwenda kununua kitanda wakarudi na kabati, kwa sababu muuza kabati ndiye aliyekuwa wa mwisho kuzungumza naye. Walilala chini mwezi mzima, nguo zao zikilala pazuri.

Tangu hapo mwanamke akawa na mbinu yake. Jambo likiwa dogo, alimwacha mume akubaliane na dunia nzima. Likiwa kubwa, alihakikisha yeye ndiye sauti ya mwisho masikioni mwake. Hivyo ndivyo walivyopata chumba chenye dirisha badala ya kile cha karibu na choo, na hivyo ndivyo binti yao alivyoponea kupewa jina la shangazi mmoja mgomvi. Mtoto aliitwa jina la nyanya yake, kwa hiyo nyumbani walimwita Bibi, ingawa meno yenyewe yalikuwa manne tu.

Mume naye watu walimwita Mkate. Alfajiri alipakia kreti za mikate kwenye bekari, akazisambaza madukani, halafu akamalizia shule ya bweni iliyokuwa juu ya kilima. Gari lake lilikuwa stesheni wagoni kuukuu, viti vya nyuma vimeng'olewa, mlango mmoja umefungwa kwa waya, na ndani lilinukia hamira hata siku ya mapumziko. Maduka yalikuwa ya kubahatisha, leo wanachukua, kesho hawachukui. Shule ndiyo iliyoendesha nyumba.

Mpishi mkuu wa shule, mama mmoja mpana mwenye sauti ya filimbi, alikuwa amemwambia bila kuzunguka: muhula ukifunguliwa wanafunzi wapya watakuja, mikate itakuwa mara mbili, na yote ifike kabla ya kengele ya chai.

"Nikikosa mkate asubuhi moja tu, Mkate, namtafuta mwenzio," alisema. "Nakupenda kama mwanangu, lakini watoto wa watu siwezi kuwapakia mapenzi kwenye sahani."

Ndipo ikawa lazima injini ifanyiwe kitu. Gari lilipanda kilima kile kwa gia ya kwanza, likikohoa, watembea kwa miguu wakilipita na kulipa pole. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo watembea kwa miguu hawakulijua. Gari lilikuwa linachemsha. Kila alfajiri mwanamke, Bibi akiwa amelala mgongoni, alijaza rejeta maji kwa kikombe, kisha akaweka dumu lililojaa miguuni pa kiti cha abiria. Mume akirudi, dumu lilikuwa tupu.

"Linakunywa kuliko ng'ombe," mwanamke alisema siku moja.

Mkate alicheka, kisha akatazama dirishani na kushusha sauti. "Usiseme hivyo nje, mke wangu. Mpishi akisikia gari linachemsha, kwisha habari yetu."

Basi ikawa siri ya ndani, kama nyumba nyingine zinavyoficha mtoto mkubwa anayekojoa kitandani.

Walijinyima mpaka wakapata cha kutengeneza jambo moja. Moja tu, mengine yangengoja muhula uanze. Jioni moja, mtoto ameshakula na kujipaka uji mpaka nyusi, Mkate alikaa kwenye stuli akahesabu matatizo ya injini kwa vidole. Kulikuwa na rejeta iliyoziba na pampu yake ya maji inayovuja. Kulikuwa na ringi za pistoni zilizolika. Na kulikuwa na kabureta, ile ya kuchanganya petroli na hewa, ndogo na nzee, inayoinyima injini pumzi.

"Wewe unaonaje?" aliuliza.

"Mimi injini siijui," mwanamke alisema, akimfuta mtoto. "Najua kwamba hili gari lina kiu. Mtu ana kiu, utamnunulia viatu vya mbio?"

Mkate akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeonyeshwa njia. "Kweli kabisa. Rejeta kwanza."

"Rejeta kwanza," mwanamke alirudia, na usiku huo hakumwacha azungumze na mtu mwingine. Hata jirani alipogonga kuomba kiberiti, alimpelekea mwenyewe mlangoni.

Asubuhi akaamua kufuatana naye. Alimfunga Bibi mgongoni, wakaenda pamoja mpaka mtaa wa spea, akimsemesha njia nzima juu ya mambo yasiyo na kichwa wala miguu, ili nafasi isibaki tupu. Walipofika, duka la spea lilikuwa limefungwa.

"Ametoka kidogo," alisema muuza soksi wa jirani. "Anarudi."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinyozi. Alikuwa rafiki wa Mkate tangu utotoni, na ujanani aliwahi kukaa kiti cha pembeni kwenye mashindano ya magari, akimsomea dereva ramani. Gari lile lilipinduka miaka mingi iliyopita, lakini yeye, watu walisema, mpaka leo hajashuka. Aliwaona, akatokeza mlangoni na mashine ya kunyolea mkononi.

"Mkate! Hicho kichwa au kichaka? Ingia kabla nyoka hawajataga mayai! Shemeji, habari za nyumbani?"

"Njema, shemeji."

Mkate alimgeukia mkewe kwa macho ya mtoto anayeomba kwenda kucheza. "Mara moja tu. Mpaka mwenye duka arudi."

Angekataa kwa sababu gani? Nywele kweli zilikuwa nyingi. Alikaa kwenye benchi nje ya kinyozi, ukutani palipokuwa na kivuli, akampakata Bibi. Kabla Mkate hajakalishwa vizuri, mtu mwingine alipita mbele ya mwanamke akaingia kungoja zamu. Alikuwa mlinzi wa geti la shule, akiwa na sare yake, kofia kwapani. Moyo wa mwanamke ulishtuka, ingawa bado hakuwa na sababu.

Mashine ilinguruma. Kinyozi naye akaanza, na kila akifika penye utamu wa maneno alizima mashine ili asikike.

"Mmeamua nini juu ya lile gari?"

"Rejeta kwanza," alisema Mkate kwa uhakika, na mwanamke akatabasamu peke yake kwenye benchi.

"Rejeta!" Mashine ikazimwa. "Wewe unataka kupanda kilima au unataka kufungua kisima? Sikiliza, ndugu yangu. Gari lako limezibwa pua. Liwekee kabureta kubwa ya midomo miwili, lifungulie bomba la moshi litoe pumzi, uone kama kilima hakijawa uwanja wa mpira. Rejeta ni ya gari linalochemsha. Kwani lako linachemsha?"

Mwanamke, bila kuona ndani, aliona yote: mume wake na kitambaa shingoni, nusu ya kichwa kimenyolewa, na kwenye kioo, nyuma ya bega lake, sare ya mlinzi wa shule.

"Halichemshi," alisema Mkate. "Hata kidogo."

Angeweza kusimama. Ilikuwa hatua moja tu kutoka benchi hadi mlangoni, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini neno hilo lingepanda kilima kabla ya mkate wa kesho, likae jikoni kwa mpishi likimngoja mumewe. Na hata kama mlinzi asingekuwepo, mke gani anamwambia mume wake mwongo kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa na nusu bado? Alimkumbatia Bibi kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Mkate alipotoka, kichwa kinang'aa, mawazo yake yalikuwa yameshanyolewa pia.

"Tulisema rejeta," mwanamke alimnong'oneza.

"Tulisema, ni kweli. Lakini hebu fikiria, injini isiyopumua..."

Mwenye duka la spea alikuwa amesharudi. Kinyozi alivuka barabara nao, taulo begani, mashine ameiacha inaning'inia, ili asaidie kuchagua. Mlinzi naye akafuata kutazama, maana zamu yake ya kunyolewa isingefika bila kinyozi.

"Baba Bibi," mwanamke alimvuta shati, "tuongee kidogo pale pembeni kwanza."

"Shemeji usiogope," alisema kinyozi kwa kicheko, "mumeo hatumuuzi, tunamnunulia kabureta."

Wote wakacheka. Mkate naye akacheka. Na hapohapo Bibi akatapika maziwa yote ya asubuhi, yakashuka begani kwa mama yake mpaka kwenye kiwiko. Kwa sekunde moja mwanamke alisimama akiwa hajui ashike shati la mume au mdomo wa mtoto. Alishika mdomo wa mtoto. Alikwenda kwenye bomba la maji nyuma ya maduka, akamwosha, akajiosha, akambembeleza. Aliporudi, Mkate alikuwa amepakata kitu kilichofungwa kwenye gazeti, mikono yote miwili chini yake, kama wanaume wanavyopewa mtoto mchanga kwa mara ya kwanza. Alikuwa na furaha usoni ambayo mkewe hakuwa ameiona siku nyingi.

Fundi wao alikuwa na gereji ya mabati mwisho wa mtaa uleule. Mtu mrefu, mpole, na desturi yake haikubadilika: mteja alinunua spea mwenyewe na kuileta, na yeye alifunga kilicholetwa. Kuchagua hakuchagua, kwa kuwa zamani aliwahi kuchagulia watu na wakamgeuzia lawama. Aliifungua kabureta kutoka gazetini, akaigeuzageuza.

"Nzuri," alisema. "Lakini itaifanyisha injini kazi kubwa. Gari hili halichemshi?"

"Limeulizwa, limekataa," alisema kinyozi, aliyekuwa amewafuata mpaka huko.

Fundi hakucheka. Alimtazama Mkate. Mkate akasema, "Halichemshi," safari hii kwa wepesi zaidi, kama neno lililokwishazoea mdomo. Kisha fundi, bila kusudi kubwa, akamtupia jicho mwanamke. Mwanamke alikuwa anamvalisha Bibi kofia. Kofia ilikuwa imekaa vizuri, lakini aliivua na kuivalisha tena.

"Haya," fundi alisema, akachukua spana. "Kabureta kwanza."

Siku zilizofuata zilimtia mwanamke aibu ya moyoni, kwa jinsi zilivyokuwa nzuri. Gari liliruka. Bomba la moshi, ambalo fundi alilifungulia, lilinguruma hadi mbwa wa mtaa wakaanza kulikimbiza kwa heshima. Mkate alirudi mapema, akipiga mluzi, akimrusha Bibi juu na kumdaka.

"Leo nimelipita lori kilimani! Lori, mke wangu! Dereva alinipungia mkono."

"Na maji?"

"Ah, likikimbia lazima linywe. Mkimbiaji hutoka jasho."

Sasa alikuwa anaondoka na madumu mawili, na yote mawili yalirudi matupu. Mwanamke aliyajaza. Alianza kujiuliza kama kweli yeye ndiye asiyejua, kama kiu ile ilikuwa ya kawaida tu, na woga wake ni woga wa mtu asiyesoma sana. Alipouliza juu ya rejeta, Mkate alimkubalia mara moja, kwa moyo wote.

"Muhula ukianza tu. Hilo ndilo jambo la kwanza."

Siku ya kufungua shule, bekari ilipakia kreti mpaka kwenye dari ya gari. Mkate alihitaji mtu wa kumsaidia kushusha haraka, na jirani anayebaki na mtoto alikuwa amesafiri, hivyo mwanamke alikwenda, Bibi mapajani, kiti cha mbele. Mikate ilikuwa bado ya moto na vioo vilifanya ukungu. Mkate aliimba. Kilima kilipoanza hakuweka gia ya kwanza. Aliweka ya pili, akakanyaga mafuta, na gari likapanda kwa kishindo, kreti zikigongana nyuma yao.

Mshale wa joto kwenye dashibodi ulikufa kabla hawajalinunua gari lile. Mwanamke hakuwa na cha kutazama, ila alikuwa na pua. Kwenye kona ya kwanza alisikia harufu ya sufuria iliyosahauliwa jikoni.

"Punguza," alisema.

"Nikipunguza na mzigo huu litazima."

Alimwangalia usoni akaona anasema kweli. Lisipopunguza litaungua, likipunguza litazima, na kurudi nyuma na ule uzito hakukuwezekana. Kwenye kona ya pili sauti ya injini ikabadilika, ikawa kavu, kama mtu anayesaga mawe kwa meno. Kona ya mwisho, geti la shule likionekana juu kabisa, gari lilishtuka mara mbili, mvuke ukafunika kioo cha mbele, likasimama.

"Jiwe!" alisema Mkate, mguu kwenye breki.

Mwanamke aliruka na mtoto kiunoni, akasukumiza jiwe nyuma ya gurudumu. Mkate alishuka mbio akafungua boneti, na kwa haraka ile, kwa kuisikia kengele ya shule kichwani hata kabla haijalia, alishika kifuniko cha rejeta kwa mkono mtupu akakizungusha. Maji ya moto yaliruka. Alipiga ukelele mmoja tu, kisha akauminya mkono wa kulia tumboni, amejikunja.

"Maji!" alisema kwa meno. "Leta maji, jaza, litapoa tuondoke!"

Alileta. Alimweka Bibi kwenye majani, akainua dumu, akamimina kama alivyomimina kila alfajiri, maji ya baridi ndani ya chuma kile chekundu kwa joto. Injini ikatoa mlio mmoja mdogo, *tak*, kama glasi inapowekewa chai. Halafu maji yakaanza kutoka chini, yakateremka barabarani kwa mstari mwembamba. Walisimama wote wawili wakiyatazama yanavyokwenda.

Kengele ya chai ililia.

Simu ilianza kuita mfukoni mwa Mkate. Mkono wake ulikuwa umevimba na kung'aa, mwanamke ameufunga kwa nguo ya kubebea mtoto, hivyo yeye ndiye aliyeitoa simu na kumwekea sikioni. Sauti ya filimbi ilisikika hadi kwake.

"Uko wapi, Mkate?"

"Hapa karibu, mama. Kona ya mwisho. Nakuja hata kwa kubeba kichwani."

"Mlinzi anaona mvuke kutoka getini. Ananiambia ulisema halichemshi."

Mkate aliutazama ule mstari wa maji barabarani.

"Nimeshampigia yule msambaza mikate mwingine, mwenye kigari cheupe. Pole, mwanangu. Nina watoto wamekaa mezani na vikombe. Ningefanyaje?"

Na kweli, angefanyaje? Mwanamke alitafuta moyoni mtu wa kumkasirikia, asimpate. Baada ya muda kigari cheupe kiliwapita. Dereva wake alipunguza mwendo, akawainulia mkono wa pole, akaendelea kupanda.

Fundi aliitwa kwa simu, akafika na pikapu yake jua limeshachomoza vizuri. Aliinama chini ya gari, akainama juu ya injini, akagusa mahali kwa kidole.

"Nani aliyemwagia maji ikiwa na moto?"

Mwanamke alifungua mdomo.

"Mimi," alisema Mkate.

Fundi aliutazama ule mkono uliofungwa nguo. Akalitazama dumu lililokuwa bado mkononi mwa mwanamke. Akakubali kwa kichwa, akafuta vidole. "Bloki ya injini imepasuka. Hapa hakuna cha kutengeneza, kaka."

"Hata tukifunga ile rejeta sasa?"

"Utaifunga kwenye nini?"

Fundi alilivuta gari lao kwa pikapu mpaka likageuka pale konani, pua ikatazama chini ya kilima, akaweka jiwe mbele ya gurudumu, kisha akafunga mnyororo mbele ya gari. Ndipo likaja swali la nani atashika usukani. Usukani wa gari lile ulihitaji mikono miwili yenye nguvu, na Mkate alikuwa na mmoja. Wanaume wawili walimgeukia mwanamke.

"Mimi sijawahi," alisema. "Sijui hata kidogo."

"Hakuna cha kujua, shemeji," fundi alisema kwa upole. "Fuata mkia wangu. Mnyororo ukilegea, kanyaga hiyo ya katikati. Itakuwa nzito kwa sababu injini haikusaidii. Kanyaga tu."

Alikaa kwenye kiti cha mume wake, kikavutwa mbele mpaka miguu yake ikafika. Mkate alizunguka kwa taabu akakaa pembeni, Bibi kwenye mkono mzima. Jiwe likaondolewa. Pikapu ikaanza kushuka, mnyororo ukakaza, na gari likaifuata bila sauti, kimya hadi akasikia matairi yakisaga kokoto.

Kilima kilikuwa kikali kuliko kilivyoonekana wakati wa kupanda. Mnyororo ukalegea, akakanyaga kwa miguu yote miwili, mwili mzima umenyooka kwenye kiti. Nyuma yao kreti zilianza kuteleza, moja, kisha zote kwa pamoja, mkate wa shule nzima ukija mbele taratibu na harufu yake. Mkate aligeuka, akaweka mgongo wake na lile bega zima kati ya kreti na kiti cha mkewe, akajikaza, mtoto kifuani.

"Usiangalie nyuma," alimwambia. "Nimezishika."

Hakuangalia. Aliushika usukani uliotetemeka, macho kwenye mkia wa pikapu, na kila mnyororo ulipolegea alikanyaga.